Mkono wa Kushoto wa Naisula

Nyinyi wasichana mnaofuma siku hizi katika chumba changu cha zamani hapa Kitengela, najua mnanicheka. Nikipita kuwasalimia nikute mnampima mtoto amesimama wima kama askari wa gwaride, lazima niingilie. "Mwambieni ainame. Mwambieni anyooshe mikono mbele kama anaepua sufuria." Halafu nauliza kama kwao wanapikia makaa, kuni au gesi. Juzi Faith akanijibu, "Mama Mwende, sisi tunafuma sweta, hatufanyi sensa." Mlicheka, na mimi nikacheka, maana jibu lilikuwa tamu. Lakini nilipotoka nje nilishika ukuta kwanza, nikapumua, ndipo nikaweza kuvuka barabara.

Sasa nimeacha kazi. Macho hayaoni tena uzi mweusi, na vidole vinakataa asubuhi kukiwa na baridi. Niko na nafasi ya kuwaambia jambo ambalo miaka yote tuliyokaa pamoja nilikuwa nalizunguka. Faith, Kasiva, na wewe mgeni ambaye bado sijashika jina lako, vuteni viti.

Nianze na yale ya kuchekesha, kwa sababu yale mengine nikiyaanza sijui kama nitaweza kurudi nyuma.

Aliyenifundisha ni Mama Wanza, Mkamba mwenzangu kutoka pande za Machakos. Alikuwa na mashine mbili za kufuma wakati ambapo ungeweza kusimama mlangoni hapa Kitengela ukaona nyumbu wakipita. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuamini tepu. Alipima kwa kamba yenye mafundo. Kabla hujagusa sweta ya mtu alikufanya ufume kipande kidogo cha mraba, upana wa kiganja, ahesabu vitanzi vilivyoingia hapo. Kitanzi ndicho kila kitu, alisema. Ukijua vitanzi vingapi vinaingia kwenye kiganja chako wewe, kwa uzi huu, kwa mkono wako wa leo, basi karatasi ya vipimo unaweza kuibadilisha upendavyo. Usipojua, unabahatisha.

Sweta yangu ya kwanza nilimfumia mume wangu. Karatasi ilionyesha shingo pana na mimi nikaona haipendezi, nikapunguza vitanzi kumi. Ilitoka nzuri kama ya dukani. Mzee akaiingiza kichwa, ikafika masikioni ikakwama. Alizunguka chumba kizima mikono juu kama mtu aliyeokoka jana, akigonga meza, mpaka Mama Wanza akaweka mguu ukutani akaivuta. "Shingo ya sweta unaipima kwa kichwa," akaniambia. "Wewe umeipima kwa shingo." Ya pili niliianika kwenye waya ikiwa imejaa maji, ikavutika hadi magotini. Mzee aliivaa kulala kwa miaka, hakulalamika.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Wanza hakulichekea. Hakukubali kufuma kabla ya kumwona mtoto mwenyewe. Akina mama walikuja na vipimo vya kukisia: ana miaka saba lakini fuma ya tisa, atakua. Yeye alitikisa kichwa. "Huyo unayeniambia ni mtoto wa mwaka ujao. Mtoto wa leo yuko wapi?" Wengine walikasirika wakaenda kwingine. Sisi tuliokuwa wanafunzi wake tulimwona kama mzee anayefukuza wateja.

Alipochoka akahamia kwa binti yake huko Kware, Rongai, na mashine zikabaki kwangu. Nikajiambia, sasa hakuna wa kunigombeza.

Mama Naisula alikuwa akiuza chai katika soko la mifugo la Bisil. Alikuja kwangu mwezi wa kwanza, wiki ya kufungua shule, foleni imefika nje. Alikuja peke yake. Mtoto alikuwa nyumbani na bibi yake.

"Ako na miaka saba," akasema. "Lakini wewe weka mkono irefuke, Mama Mwende. Huyu anakua kama muhindi shambani. Nataka avae hii mpaka darasa la nne."

"Nimuone basi," nikasema, kwa sababu ya mazoea tu.

"Utamwona wapi na shule ni kesho?"

Nikaifuma. Ilikuwa sweta ya kijani yenye mstari wa njano shingoni, kwa uzi ule wa plastiki unaong'aa kidogo, ambao sisi wote tunatumia. Niliongeza vidole vinne kwenye urefu wa mkono. Niliongeza upana wa kwapa. Na pale mwisho wa mkono, pale ambapo unatakiwa kupunguza vitanzi na kukaza ili ukingo ushike kifundo, sikupunguza kitu. Nilijiambia akikua itambana. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka, na kupunguza kunahitaji usimamishe mashine uhamishe vitanzi kimoja kimoja. Nikauacha mdomo wa ule mkono wazi kama gunia.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu akiwauliza Mama Mwende alikosea wapi, mwambieni ni pale.

Mwezi wa saba mzee mmoja anayenunua mbuzi alikuja kuchukua kofia yake. Alikuwa ametoka Bisil. Akakaa hapo penye mlango, akanywa maji, akasema, "Yule mtoto wa mama chai ameungua. Vibaya sana. Sweta ya shule ilishika moto."

Mimi nikauliza, "Rangi gani?"

Akaniangalia. "Mtoto ameungua, wewe unauliza rangi?"

"Rangi gani, mzee?"

"Kijani," akasema. "Na mstari ya njano hapa kwa shingo."

Sikumbuki kama nilimpa kofia. Nakumbuka sindano za mashine zilivyokuwa zimepangwa mbele yangu, nikaziona ni nyingi kupita kiasi, nikaogopa kuzigusa.

Habari yenyewe niliipata vipande vipande. Asubuhi ya baridi, mama ameshaenda sokoni na birika zake. Naisula anajiandaa kwenda shule, maziwa yako kwenye mafiga. Mikono ya sweta alikuwa amekunjiwa mara mbili na mama yake, lakini uzi ule unateleza, mkunjo haukai. Aliponyoosha mkono wa kushoto kuepua sufuria, mkunjo ukafunguka, ule mdomo mpana ukaning'inia ukaingia motoni. Na uzi wa plastiki ukishika moto hauwi majivu. Unayeyuka, unashika ngozi, na ukijaribu kuuvuta unakuja na ngozi. Mtoto alijaribu kuivua kwa kuipitisha kichwani. Ikakwama usoni, inaendelea kuungua. Bibi yake ndiye aliyemfunika na blanketi na kumwagia maji.

Alikaa hospitali miezi mingi. Sikwenda kumwona. Nawaambia hivyo kwa sababu mkinikumbuka kama mtu mzuri tu, mtakuwa mmekumbuka mtu mwingine. Niliogopa. Kila shuka nyekundu ya Kimaasai iliyopita mlangoni niliona ni watu wa Naisula wamekuja kuniuliza. Simu ikilia namba nisiyoijua, naiacha ilie mpaka inyamaze. Nikiwa kanisani naona watoto wa sweta zangu, naangalia mikono yao badala ya kusikiliza neno. Na kazini sikuweza kufuma mkono. Nikifika kwapani, vidole vinakataa. Nikawa nafuma sweta zisizo na mikono, za watoto, za wazee, hata ya bibi arusi mmoja. Watu wakadhani ni fasheni mpya na wakazipenda. Fundi mmoja wa upande wa pili wa barabara akaniiga. Nilicheka, lakini niliporudi ndani nililia.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, shule zimefungwa, Mama Naisula akaingia.

Nilimwona akiwa bado nje na nikataka kujificha nyuma ya pazia. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilipima kwa macho kama pazia litanitosha. Akaingia kabla sijaamua. Alikuwa amekonda. Akaketi bila kukaribishwa.

"Supa, Mama Mwende," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Epa," nikajibu.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Nikasubiri aseme lile neno, kwamba ni mimi niliyemchoma mwanawe. Nilikuwa nimelisikia kichwani miezi tisa, kwa sauti yake, kwa namna mbalimbali.

"Mimi ndiye nilisema uongeze mkono," akasema. "Kila siku nafikiria hiyo. Mimi ndiye nilisema."

"Na mimi ndiye niliongeza," nikamwambia. "Na mwisho wake sikuukaza. Ulitakiwa kukazwa. Nilijua, na sikukaza."

Nilidhani atainuka anipige, na ningemwacha. Akatoa leso akajifuta uso, akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Naisula anarudi shule. Baridi inakuja. Ule mkono haunyooki hapa kwa kiwiko, na haupandi juu ya bega. Ngozi ya shingo imevutwa. Sweta ya dukani haingii. Na akiona kitu inapita kwa uso yake anapiga nduru mpaka anaanguka. Nimeenda kwa mafundi wawili, wanasema hawana vipimo vya mtoto kama huyo. Nimekuja kwako."

"Siwezi," nikasema.

"Basi nani?"

"Mimi siwezi, mama. Tafuta mtu mwingine yeyote. Tafadhali."

"Wewe unajua yeye aliumia wapi," akasema. "Hao wengine hawajui."

Akaondoka bila kunilazimisha. Aliacha tu namba yake ya simu kwenye karatasi ya vipimo, juu ya meza.

Siku ya pili yake nikaenda Kware kwa Mama Wanza. Nilimkuta ameketi nje kwenye jua, amefunikwa magoti. Nilimwambia yote, hata pazia. Nilitaka aniambie nisiende. Nilitaka aseme, mwanangu, wewe umezeeka, acha.

Akaniuliza, "Siku ile uliyofuma sweta ya kwanza ya huyo mtoto, uliogopa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa na foleni."

"Na leo?"

Nikamwonyesha mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka.

"Basi leo utapima vizuri," akasema, na akamwita binti yake alete chai.

Nikaenda Bisil. Watoto wa boma walikuja mbio wakainamisha vichwa niwaguse, kama wanavyosalimia wakubwa. Naisula hakuja. Alikuwa ameketi mbali, mgongo ukutani, mahali ambapo moshi wa jikoni haumfikii, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Nilipotoa tepu mfukoni, ile ya njano, akaanza kupumua haraka. Nikairudisha. Nafikiri sisi wawili tulikuwa tumeogopana vilevile.

Nikakaa chini, mbali kidogo. Nikachukua kamba ya mafundo aliyoniachia Mama Wanza, nikamwambia mama yake anipime mimi. Bega mpaka kiwiko, kiwiko mpaka kifundo, akafunga mafundo. Mtoto alitazama. Tukapima mbuzi aliyekuwa karibu, ambaye hakupenda. Naisula hakucheka, lakini alisogea. Ilichukua asubuhi yote mpaka akaishika ile kamba mwenyewe. Mimi sikumgusa hata mara moja. Nilimwambia, "Weka mwanzo kwapani, sasa ushuke nayo," na mama yake akafunga fundo pale kidole cha mtoto kilipofika.

Shuka ikateleza. Nikauona mkono wa kushoto. Ngozi waliyompandikiza hospitali ilikuwa na alama ndogo ndogo kama wavu, safu baada ya safu, kutoka kifundo hadi begani. Daktari angewaeleza kwa nini inakuwa hivyo. Macho yangu mimi yaliona vitanzi. Nilijikuta nahesabu. Nikageuka nikasema nahitaji maji, nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko mpaka hesabu ikanitoka kichwani.

Nikarudi. Nilimaliza kupima.

Sasa sikilizeni upande wa kazi, kwa maana hii ndiyo mtakayohitaji siku akija mtoto ambaye hayuko kwenye karatasi yoyote.

Nilipima mikono yote miwili, kila mmoja kivyake, na pande mbili za kifua kila moja kivyake, kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umevutwa chini kwa vidole viwili. Nikaacha kabisa kufikiria sweta ya kuingiza kichwani. Hii ingefunguka mbele yote, vifungo vitano vikubwa ambavyo mkono mmoja unaweza kuvifungua. Shingo niliishusha upande wa kushoto tu, ili isiguse pale ngozi ilipokaza. Kwa kuwa bega halipandi, nilifuma kipande cha pembe nne, ukubwa wa kadi ya karata, nikakiweka chini ya kwapa, ili mkono ukisogea usivute sweta nzima. Kiwiko kilikuwa kimekunjika, kwa hiyo upande wa nyuma wa kiwiko unahitaji kitambaa kirefu kuliko upande wa ndani. Hapo unafuma safu fupi: unafika katikati, unageuza, unarudi, kama mnavyofanya kisigino cha soksi. Mishono yote niliiweka nje ili ndani pawe laini. Uzi nilichagua wa pamba. Msidanganyike, pamba pia inashika moto. Lakini haiyeyuki juu ya mtoto.

Na mikono ya sweta niliianzia begani nikashuka nayo, tofauti na tulivyozoea. Faida yake ni hii: mtoto akikua, unafumua ukingo peke yake, unaongeza safu, unafunga tena. Huhitaji kumvisha leo mkono wa miaka mitatu ijayo. Laiti ningelijua hilo mapema. Hapana, nililijua. Laiti ningelitumia mapema.

Kitu kimoja kilinisumbua. Nilifuma kipande cha majaribio asubuhi, nikahesabu vitanzi. Nikafuma kingine mchana, uzi uleule, sindano zilezile, kikatoka kidogo zaidi. Cha tatu kikawa kidogo zaidi ya hicho. Niligundua kwamba kila nikimfikiria yule mtoto, navuta uzi. Hofu ilikuwa inaingia kwenye vitanzi na kuvikaza. Nikaacha mashine, nikafuma yote kwa mkono, na nikawa nafuma asubuhi tu, baada ya kunywa uji, mlango ukiwa wazi nasikia watu. Mkono wa kushoto niliufumua mara tatu.

Nilirudi Bisil Ijumaa, shule inafunguliwa Jumatatu. Sikuwa nimeunganisha vipande. Nilivipanga juu ya mkeka, mgongo, vifua viwili, mikono miwili, nikamwambia Naisula achague kimoja. Mama yake alitaka kumshika amvishe, nikamzuia. Tulikaa. Upepo ulikuwa wa vumbi na mimi nilikuwa natokwa jasho.

Akachukua mkono wa kushoto. Akauangalia ndani, akatia vidole, akavitoa. Akatia tena. Akauvuta taratibu mpaka kwenye kiwiko, akasimama, uso umekaza. Akaupandisha mpaka begani.

Halafu, kwa sauti ndogo sana, "Koko, hapa inabana."

Alinionyesha juu kidogo ya kiwiko. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kitu chochote, na ameniita bibi. Na alichosema kilikuwa kweli: safu mbili pale zilikuwa zimekazwa kuliko nyingine. Niliziona wazi. Mara tatu nimefumua, na bado inambana. Nikamwambia, "Toa, toa haraka."

Kumbe nilimtisha. Aliposikia haraka akaanza kuuvuta, ukamshika kwenye kiwiko, macho yakamtoka, nikajua nduru inakuja. Mama yake akainuka. Mimi sikufikiri. Mwisho wa uzi ulikuwa unaning'inia kwenye ukingo, haujafungwa. Nikauweka kwenye mkono wake wa kulia, nikasema, "Vuta huu. Vuta tu."

Akavuta.

Ukingo ukaanza kufumuka. Safu moja ikakimbia yote, trrr, kisha nyingine. Akasimama akiangalia. Akavuta tena, taratibu, na kifundo chake kikatokea, kisha nusu ya mkono.

"Inatoka?" akaniuliza.

"Inatoka yote."

"Hata nikiwa nayo?"

"Hata ukiwa nayo. Haiwezi kukushika. Ukivuta hapo, inakuachia."

Akavuta. Ikapita kiwiko, zile safu fupi zangu nilizozihesabu kwa machozi zikaenda moja baada ya nyingine, ikapanda mpaka begani, mpaka ikabaki pete ndogo ya vitanzi, na hiyo nayo ikaisha. Chini ya miguu yake kulikuwa na rundo la uzi uliojikunja kunja. Kazi ya siku nne. Akaniangalia kama anangoja nimkaripie.

"Fuma tena," akasema.

Nikafuma tena, palepale, na nikalala kwao siku tatu. Kila nikifika vidole vinne anaujaribu, anasema inabana au haibani, na mara mbili alivuta tena uzi bila sababu, kuhakikisha tu. Sikumkataza. Jumapili mchana niliunganisha vipande vyote na kushona vifungo.

Jumatatu tulimsindikiza hadi shuleni, mama yake akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi nyuma yao. Niliangalia ule ukingo wa kushoto njia nzima. Ulikuwa umeshika kifundo, haujaning'inia, lakini sikuamini macho yangu. Kila jiko la muuza chai tulilopita nilihesabu hatua kati yake na mtoto. Nimewaambia nilikuwa naogopa. Sikuwa nimewaambia kwamba haijaisha.

Tulipofika langoni Naisula akasimama. Watoto wengine walikuwa wanaingia mbio, wengine wakigeuka kumtazama shingo. Akaachia mkono wa mama yake, akaanza kufungua vifungo. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilidhani anaivua. Nikashika nguzo ya lango. Akafungua vyote vitano, akaishika sweta wazi kifuani, baridi ikampiga. Kisha akainamisha kichwa, akavifunga tena kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, akaingia darasani.